Maswali ya Wasomaji: Kutoka Titi la Kwanza Hadi Balehe

Mwanangu ana wiki tatu. Matiti yaliyokuwa yamejaa mpaka yakauma sasa yamelegea, na kila jioni mtoto analia akitaka titi kila nusu saa. Mama mkwe anasema maziwa yamekauka, nianze ya kopo. Nifanyeje?

Hongera kwa mtoto, mama. Usikimbilie kopo kwanza.

Siku za mwanzo matiti hujaa kwa sababu homoni za baada ya kujifungua ndizo zinazoendesha kazi, na pamoja na maziwa, damu na maji hujikusanya ndani ya titi. Wiki chache baadaye anayeendesha kazi ni mtoto mwenyewe. Titi likibaki limejaa hupunguza mwendo wa kutengeneza. Likinyonywa mpaka likalegea huongeza. Kwa hiyo titi laini katika wiki ya tatu ni titi lililokwisha kujua kiasi anachotaka mtoto. Ile hali ya kunyonya mfululizo jioni nayo ni ya kawaida kwa watoto wachanga wengi.

Kopo la jioni huharibu hesabu hiyo. Mtoto aliyeshiba kopo hulala muda mrefu, titi linakaa limejaa, mwili unapokea habari kwamba maziwa yanayotakiwa ni machache. Baada ya siku kadhaa yanakuwa machache kweli, na kila mtu anaona mama mkwe alisema sawa.

Badala ya kukisia kwa kuminya titi, mwangalie mtoto. Tangu siku ya tano, nepi zilizolowa ziwe sita au zaidi kwa saa 24, mkojo uwe wa rangi nyepesi. Kinyesi katika wiki hizi huwa laini cha njano, kwa kawaida mara tatu au zaidi kwa siku. Kisha mizani: mtoto anaweza kupoteza hadi asilimia 7 hadi 10 ya uzito katika siku za kwanza, lakini akifika wiki mbili awe ameurudisha, na kuanzia hapo aongeze gramu 20 hadi 30 kwa siku. Apimwe bila nguo, kwenye mizani ileile. Mama mkwe anakutakia mema. Mwombe akusaidie kuhesabu nepi, na mkae pamoja na hesabu hiyo.

Hesabu ikiwa nzuri, endelea kama ulivyo. Isipokuwa nzuri, anza na jinsi mtoto anavyolishika titi, maana matatizo mengi huanzia hapo. Mgeuze mzima akuelekee, tumbo kwa tumbo, pua yake ikiwa usawa wa chuchu. Subiri afungue kinywa kama anayepiga mwayo, ndipo umlete yeye kwenye titi. Usiinamishe titi kumfuata. Kidevu kiguse titi, mdomo wa chini ugeukie nje, na sehemu nyeusi inayozunguka chuchu ionekane zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Usikie akimeza. Akiachia, chuchu iwe ya duara. Ikitoka imebanwa bapa na inauma, alikuwa anashika chuchu tu, na chuchu peke yake haitoi maziwa ya kutosha. Ingiza kidole safi pembeni ya kinywa chake ili aachie, uanze upya.

Mnyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo, kwa sababu prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, hupanda zaidi usiku. Akianza kulegea, bana titi polepole kwa mkono ili maziwa yashuke, kisha mpe la pili. Baada ya hapo unaweza kukamua dakika 10 hadi 15 kuongeza mahitaji.

Lakini mtoto wa wiki tatu asiyefikia uzito wa kuzaliwa, anayelala sana bila kuamka kunyonya, au mwenye mkojo mchache wa rangi iliyokolea, apelekwe kliniki leo hii. Baadhi huhitaji kuongezewa: kwanza maziwa yako uliyokamua, kwa kikombe, na yasipotosha basi mengine watakayoelekeza. Kumwongezea mtoto mwenye njaa si kushindwa. Ashibe kwanza, titi litafanyiwa kazi sambamba. Asichopewa kabla ya miezi sita ni maji: yanajaza tumbo bila lishe, na yakizidi hushusha chumvi ya damu kiasi cha kumletea degedege.

Narudi kazini mtoto akiwa na miezi minne. Maziwa yaliyokamuliwa yanakaa muda gani?

Kwenye chumba kisichozidi nyuzi 25, saa 4. Kwenye friji, siku 4, yakiwekwa ndani kabisa na si mlangoni ambako joto hupanda na kushuka. Kwenye friza, miezi 6 ndiyo bora. Yaliyoyeyushwa kwenye friji yatumike ndani ya saa 24, wala yasigandishwe tena. Weka vifungu vidogo vya mililita 60 hadi 120, kwani yaliyobaki baada ya mtoto kuanza kunywa yanamwagwa baada ya saa 2. Pasha kwa kuweka chombo ndani ya maji ya uvuguvugu. Maikrowevu huacha sehemu zenye moto mkali zinazoweza kumwunguza kinywa. Yakijitenga mafuta juu hayajaharibika, yazungushe tu.

Ana miezi minane, anakula uji vizuri na bado ananyonya, lakini mstari wa uzito kwenye kadi umelala. Tatizo nini?

Dada, inua kijiko chenye uji ukigeuze. Ukimwagika kama maji, tatizo umeliona. Tumbo la mtoto hubeba takribani gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake, yaani mtoto wa kilo 8 anajaa kwa gramu 240. Tumbo likijazwa maji, anashiba kabla hajapata nguvu. Uji ubaki kwenye kijiko, uanguke kwa kusitasita. Kijiko cha chai cha mafuta huongeza takribani kalori 40 bila kuongeza ujazo. Umri wa miezi 6 hadi 8 mtoto huhitaji karibu kalori 200 kwa siku nje ya titi, kwa milo 2 hadi 3, akianzia vijiko vya chakula 2 au 3 na kupanda polepole hadi nusu ya kikombe cha mililita 250. Kuanzia miezi 9 milo iwe 3 hadi 4.

La pili halionekani kwa macho. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo huwa imepungua sana kufikia miezi sita, maziwa ya mama yana chuma kidogo, na mahitaji yake sasa ni miligramu 11 kwa siku, zaidi ya mwanamume mzima. Uji wa nafaka peke yake hauwezi kuyafikia. Kila siku apate nyama, ini, samaki au yai vilivyopondwa laini. Akila maharage au dengu, yafuate na tunda lenye vitamini C, ambayo husaidia utumbo kukinyonya chuma hicho. Chai asipewe, hufanya kinyume chake. Asali isubiri mwaka mmoja kutokana na hatari ya botulizimu, ugonjwa wa sumu ya bakteria unaolegeza misuli.

Mwanangu wa miaka miwili hataki chakula. Anapenda maziwa ya ng'ombe tu, kama lita moja kwa siku. Nimpe dawa ya hamu?

Hapana. Hamu anayo, ameimalizia kwenye maziwa. Yashushe hadi mililita zisizozidi 500 kwa siku, kwa kikombe, baada ya mlo na si kabla. Mpime damu pia: maziwa ya ng'ombe karibu hayana chuma, na watoto wa namna hii mara nyingi wamepungukiwa. Chakula kipya kinaweza kuhitaji kuonyeshwa mara 10 au zaidi kabla hajakikubali, bila kulazimishwa wala kuahidiwa zawadi.

Binti yangu ana miaka 15. Amechoka daima, anasinzia darasani, na nimemkuta akitafuna udongo. Anasema hedhi zake ni "za kawaida".

Kutafuna udongo au barafu ni dalili inayojulikana ya upungufu wa chuma. Tafadhali usimgombeze, mpeleke apimwe wekundu wa damu, yaani hemoglobini. Chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Ikiwezekana apimwe na ferritini, inayoonyesha akiba, kwa sababu akiba huisha kabla wekundu haujashuka.

Hesabu yenyewe inaeleza kwa nini wasichana huangukia hapa. Mililita moja ya damu hubeba karibu nusu miligramu ya chuma. Hedhi ya mililita 60 huondoka na miligramu 30, na kwa kile anachokula, mwili huchukua sehemu ndogo tu. Ongeza ukuaji wa haraka, na mahitaji yanafika miligramu 15 kwa siku. Muulize kwa upole: anabadilisha pedi kila saa moja au mbili? Hedhi inazidi siku saba? Hutoka mabonge makubwa? Msichana asiye na wa kujilinganisha naye huita hali hiyo kawaida.

Upungufu ukithibitika, chakula peke yake kitachelewa. Atahitaji vidonge kwa kipimo cha mtaalamu. Avimeze mbali na chai, kahawa, maziwa na vidonge vya kalsiamu. Kinyesi kitakuwa cheusi, asiogope. Kosa tunaloliona zaidi ni kuacha dawa akishapata nguvu: kwa kawaida vidonge huendelea kama miezi mitatu baada ya damu kurudi sawa, ili akiba nayo ijae. Na vifungieni mbali na wadogo zake, kwa kuwa vidonge vichache vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Kijana wangu wa miaka 14 anataka unga wa protini ili ajenge mwili. Anauhitaji?

Kwa umri wake protini inayopendekezwa ni gramu 0.85 kwa kila kilo, yaani karibu gramu 47 kwa kijana wa kilo 55. Mayai mawili yana 12, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, vikombe viwili vya maziwa 16. Amebakiza kipande kidogo cha nyama au samaki. Anachokikosa zaidi ni kalsiamu, miligramu 1,300 kwa siku kuanzia miaka 9 hadi 18, wakati kikombe cha maziwa kina kama 300. Hela ya unga inunue maziwa, mtindi na dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao.