Jongoo haumi, mbona bado namkimbia?

Wahariri, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kibosho. Tangu utotoni naogopa jongoo. Masika yakianza siingii kihambani, yaani shamba letu la nyumbani, kukata majani ya ng'ombe, natuma watoto. Kabla ya kulala nakung'uta shuka mara tatu, na baba watoto lazima atangulie bafuni na tochi. Najua jongoo haumi, nimeshaambiwa sana. Lakini nikimwona moyo unadunda, miguu inalegea, napiga kelele. Majirani wanasema nadeka. Huu ni ugonjwa? Unatibika?
*Mama wa Kibosho*

Mama, hudeki. Hofu kali ya kitu kimoja, isiyolingana na hatari ya kitu chenyewe, ikidumu miezi 6 au zaidi na kuvuruga shughuli za mtu, wataalamu huihesabu kuwa tatizo la afya ya akili na kuiita fobia. Yako imekutoa shambani na kuwatwisha watoto kazi yako. Inatibika, tena ni kati ya matatizo ya akili yanayoitikia tiba vizuri zaidi.

Kuambiwa hakukusaidii kwa sababu hofu hii haikuingia kwa maneno. Kila unapomkimbia jongoo, hofu inashuka ghafla na unapata ahueni. Ubongo unaweka kumbukumbu: nimepona kwa kuwa nimekimbia. Kukung'uta shuka kunafanya kazi ileile: usiku umepita salama, basi ni kwa kuwa nilikagua. Hivyo hofu inalishwa kila siku, hata wakati wa kiangazi ambapo jongoo haonekani. Tiba ni kumkaribia kidogo kidogo, na kukaa, mpaka ubongo ujionee kwamba lile ulilolitazamia halitokei.

Kwanza umjue unayemwendea. Jongoo ni wa mviringo, mwendo wake ni wa polepole, na karibu kila pingili ya mwili wake ina jozi mbili za miguu. Anakula majani yaliyooza. Akiguswa hujikunja, na huenda akatoa majimaji yanayotia doa kwenye ngozi na kuwasha yakiingia machoni, kwa hiyo ukimgusa usijipanguse uso, nawa kwa sabuni. Tandu ni mwingine kabisa: bapa, ana kasi, jozi moja ya miguu kwa kila pingili, na huyo anauma kwa sumu. Mazoezi haya ni ya jongoo tu. Tandu, nge na siafu kuwakwepa ni busara, hakuna haja ya kuitibu.

Sasa chukua karatasi. Andika hali kumi au zaidi zinazokutisha, na kila moja uipe alama kuanzia 0 (nimetulia kabisa) hadi 100 (siwezi kabisa). Kwa mtu mwenye hofu kama yako, orodha inaweza kuanza na kulitamka jina lake kwa sauti, kisha kumchora, kutazama picha yake, kutazama video yake kwenye simu. Baada ya hapo kuna hatua ambayo kihamba chenyewe kinakupa bure: zile pete nyeupe za jongoo aliyekufa zamani. Ziweke mezani, zishike, zihesabu. Ndipo aje jongoo hai ndani ya kopo la plastiki linaloonyesha ndani, lenye majani makavu na mfuniko wenye matundu: mita 3, mita 2, mita 1, mkono juu ya kopo, mfuniko wazi, kumgusa kwa kijiti, kumgusa kwa kidole, kumwacha atembee kiganjani. Hatua ya mwisho ni kukata majani mwenyewe asubuhi baada ya mvua.

Anza na hatua ya alama 30 au 40, usianze na ya 90. Kabla ya zoezi andika kwa sentensi moja unachodhani kitatokea, kwa mfano, "atapanda mkono hadi shingoni" au "nitazimia." Tenga dakika 30 hadi 45. Kaa mpaka alama ishuke angalau nusu, kisha soma tena ile sentensi na uandike kilichotokea kweli. Rudia hatua hiyohiyo siku inayofuata. Ukiona unaianza ikiwa chini ya 30, panda. Siku nne au tano kwa wiki zinafaa kuliko siku moja ndefu kila mwezi, maana ukiacha mwanya mrefu unajikuta unaanza upya.

Wengi hukwama katika mambo machache. La kwanza, na baya kuliko yote, ni kutoka mbio hofu ikiwa kileleni: ubongo unapata somo lilelile la zamani, tena kwa nguvu. Hatua ikikushinda, usitoke chumbani, rudi nyuma mita moja, utulie, halafu usogee tena. La pili ni kuwepo kwa mwili tu: macho umefumba, unachati, au umemshika baba watoto mkono. Glavu zinaruhusiwa siku ya kwanza ya kugusa, kisha zivuliwe. Pumzi ikienda mbio hadi kichwa kikawa chepesi, vuta pole kwa sekunde 4 na utoe kwa sekunde 6, huku macho yakiwa kwa jongoo.

Kuna kosa jingine linaloonekana baadaye. Mtu anafaulu kwa jongoo mmoja, kopo moja, sebuleni, kisha anakutana na mwingine bafuni usiku na hofu inarudi yote. Ubongo wake ulijifunza kwamba jongoo wa kwenye kopo ni salama, basi. Kwa hiyo badilisha: mdogo, mkubwa, mchana, usiku, jikoni, kihambani. Sambamba na hayo punguza ukaguzi: wiki hii kung'uta shuka mara mbili, ijayo mara moja, kisha acha, na baba watoto asitangulie tena bafuni. Naye aambiwe wazi: kumrushia mtu jongoo kwa mzaha "ili azoee" kunaharibu kazi ya wiki nzima. Zoezi linatibu kwa sababu aliyelichagua ni wewe.

Mwanangu wa miaka 5 haingii choo cha nje kwa sababu ya buibui. Babu yake anasema tumfungie humo kidogo atazoea. Mimi kila jioni napuliza dawa ya wadudu. Nani yuko sahihi?
*Baba wa Sakina, Arusha*

Kwa heshima zote kwa babu, asifungiwe. Mtoto aliyefungiwa hajifunzi kwamba buibui ni salama. Anajifunza kwamba choo ni mtego na wakubwa hawaaminiki. Nayo dawa inamwonyesha kila jioni kwamba kuna adui, na inamvutisha sumu katika chumba kidogo.

Mwaka 1924 Mary Cover Jones, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza jinsi alivyomsaidia mtoto wa karibu miaka mitatu, Peter, aliyeogopa sungura. Mtoto alipewa chakula anachokipenda huku sungura akiwa mbali kwenye kizimba, na kadiri siku zilivyopita akasogezwa, hadi Peter akamshika mwenyewe. Fanya hivyohivyo. Simameni wawili mlangoni mchana, mtoto na karanga au ndizi yake, buibui akiwa ukutani. Mhesabu miguu pamoja, minane. Mpeni jina. Kesho hatua moja mbele. Wewe utulie, kwa sababu mtoto husoma uso wako kabla ya kumtazama buibui, na kelele moja ya mzazi inaweza kufuta siku tatu. Msifu kwa hatua aliyopiga, hata ikiwa ni ya nusu mita. Hofu nyingi za umri huu hupungua zenyewe. Ikivuka miezi 6 na bado anabana haja, mpeleke hospitali.

Nasoma chuo Moshi. Naogopa mende kupita kiasi. Rafiki alinipa diazepam, nameza kimoja kila nikirudi hosteli. Niendelee?
*Mwanafunzi*

Hapana. Diazepam inatuliza mwili kwa saa kadhaa, lakini inaudhoofisha ubongo katika kujifunza kwamba mende hana madhara uliyoyaogopa, na mwili unaweza kuizoea ndani ya wiki chache. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari. Kama umeimeza kila siku kwa wiki kadhaa usiikate ghafla, mwone daktari akupunguzie taratibu.

Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, Mawenzi kwa Moshi au Mount Meru kwa walio Arusha, uulizie afya ya akili. Hospitali ya KCMC, hapo Moshi, nayo ina wataalamu. Waulize kama wanafanya mazoezi ya kukabili hofu hatua kwa hatua. Lars-Göran Öst, mwanasaikolojia wa Sweden, alionyesha mwaka 1989 kwamba fobia ya kitu kimoja inaweza kutibiwa kwa kikao kimoja kirefu, hadi saa 3, mtaalamu akiwa kando ya mgonjwa. Nenda na karatasi yenye hatua zako na alama zake, kama ile ya Mama wa Kibosho, na uwaambie umemeza vidonge vingapi, tangu lini.