Re: Variateri iko kwenye mtandao lakini moteri haizunguki

Ndugu wa Kampemba, unasema S7-1200 (PLC, kompyuta ndogo ya kuongoza mashine) inaiona G120 (variateri, kifaa cha kuongoza kasi ya moteri) kwa mtandao wa PROFINET, telegramu 1 (neno la amri pamoja na neno la kasi), hakuna taa nyekundu, unatuma neno la amri 16#047F (16# maana yake namba ya heksadesimali) na pompa imelala. Kosa ni kuituma tangu mwanzo. Biti 0 ya neno la amri kuwa 1 peke yake haiwashi variateri. Inawaka pale biti hiyo inapopanda toka 0 kwenda 1. Tuma kwanza 16#047E, ngojea biti 0 ya neno la hali (jibu la variateri) iwe 1, ndipo utume 16#047F. Ukiona biti 6 ya neno hilo la hali iko 1, variateri bado imefungiwa isiwake.

Kasi nayo: 16384 (16#4000) ni sawa na p2000, yaani kasi ya rejea iliyowekwa kwenye variateri. Kama p2000 ni 1500, kwa mizunguko 750 kwa dakika andika 8192. Usimimine Real (namba yenye desimali) moja kwa moja kwenye QW (neno la kutoka PLC). Pitisha maagizo ya PLC: NORM_X (kugeuza kasi kuwa sehemu ya 0 hadi 1), kisha SCALE_X (kuipanua) mpaka 16384, tokeo likiwa Int (namba kamili).

Hitilafu inafutwa kwa 16#04FE, halafu rudi 16#047E.

Na hapa Lubumbashi umeme unakatika: ukirudi, programu ianzie 16#047E na ingojee mtu abonyeze kitufe. Tafadhali usiiache ijiwashe yenyewe, fundi anaweza kuwa na mkono kwenye shafti.