Kabla ya Kulipia Semina ya Lishe, Chungulia Thamosi ya Saa Nne

Mwaka ukianza, ofisi nyingi za Nairobi hukumbuka afya ya wafanyakazi. Analetwa mtaalamu na mashine ya presha na mzani, watu wanapanga foleni, wanaambiwa wapunguze chumvi na sukari. Saa nne ikifika, thamosi inaingia na chai ya maziwa ambayo mpishi ameshaitia sukari, na sinia la mandazi ya moto. Nani atakataa? Mimi hushughulikia mambo ya wafanyakazi huku Industrial Area, na ushauri wangu kwa mwenye kazi kama yangu ni mmoja: rekebisha kwanza kile ambacho kampuni tayari inanunua.

Anza na sukari ya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25, vijiko sita vya chai. Vikombe viwili vyenye vijiko vitatu kila kimoja vimemaliza hesabu hiyo kabla ya mchana, na soda ya nusu lita, yenye gramu 50 hivi, bado haijafunguliwa. Kwetu hatukumkataza mtu chochote. Tulimwomba tu dada wa jikoni apike chai bila sukari, aweke mkebe na kijiko pembeni. Manung'uniko yalikuwepo. Mzee mmoja wa stoo alisema hiyo ni chai ya wagonjwa, akajitilia vijiko vyake vitatu, akanywa kwa amani. Lakini wengi walipoachiwa kijiko walijipimia kidogo kuliko mpishi.

Mandazi usiyafukuze kwa kishindo, utachukiwa bure. Yabaki ya Ijumaa; siku nyingine ziletwe nduma, viazi vitamu, mayai ya kuchemsha, ndizi. Nduma zije zimemenywa na kukatwa, maana mtu mwenye karatasi mkononi hatahangaika na maganda. Pesa za mayai tulizipata kwa kuacha kununua soda za mikutano.

Mchana watu wetu wengi hula kibandani, na sipendi kusikia kibanda kikidharauliwa na watu wanaoagiza chipsi kwa simu. Pale kuna githeri, ndengu, omena, managu, kunde, terere. Chakula chenyewe ni kizuri, kasoro iko kwenye upakuaji: ugali kama mlima, mboga kiduchu, na kopo la chumvi mezani kana kwamba mchuzi haukutiwa. Nilimwendea mama wa kibanda kilicho nje ya geti letu nikamwomba aongeze mboga na apunguze ugali, bei ibaki ile ile. Akanicheka. "Mwanamume akiona ugali mdogo, kesho yuko kwa jirani." Ukweli mtupu. Tukakubaliana hivi: sahani inatoka na ugali wa wastani na mboga za kutosha, anayetaka nyongeza ya ugali anaitisha bila kulipa. Wapo wanaoitisha kila siku, hasa wapakiaji wa mizigo, na wana haki kwa kazi wanayofanya. Kopo la chumvi lilihamia kwenye kaunta.

Jambo dogo ambalo wanawake hasa wanafaa kuambiwa: chai juu ya chakula huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharagwe na mboga. Isubiri kama saa moja. Chungwa baada ya githeri hufanya kinyume chake, husaidia.

Kuna mambo ambayo sahani haiwezi kuyatibu. Meneja anayeanza mkutano saa tano na nusu akauvuta hadi saa nane anamweka hatarini mtu anayejidunga insulini, maana chakula kikichelewa sukari yake inaweza kushuka ghafla, na si kila mtu ametangaza ugonjwa wake ofisini. Saa ya chakula iheshimiwe, basi. Maji nayo: Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi maji safi ya kutosha, lakini nimeona mahali mtungi umejaa na watu hawanywi, kwa sababu ufunguo wa choo uko kwa msimamizi na kila anayeuomba anaangaliwa saa. Shughulikia ufunguo.

Mashindano ya kupunguza uzito siyapendi kabisa. Huishia kuwa utani juu ya miili ya watu.

Angalia pia ni nani anayekunywa hiyo chai. Kama walinzi na wanaofagia hawahesabiwi kwa sababu wameajiriwa na kampuni nyingine, ongeza vikombe. Mlinzi aliyekesha ndiye anayehitaji yai kuliko mhasibu.

Mkubwa akiuliza gharama, usianze na hotuba ya afya. Mwambie kwamba tangu mwishoni mwa 2024 chakula anachompa mfanyakazi hakitozwi kodi ya mapato hadi Sh5,000 kwa mwezi, kutoka Sh4,000 za awali, ilhali posho ya chakula ya pesa taslimu hutozwa kama mshahara. Masharti ya msamaha huo, kuhusu muuzaji wa chakula na risiti, mwulize mhasibu wenu, halafu nenda na hesabu iliyoandikwa, si kwa mdomo.