Kinga ya Mtandao wa Ofisi Ndogo

SWALI: Ndugu Mhariri, ofisi yetu ya uwakala wa forodha hapa Kariakoo ina kompyuta sita na imeunganishiwa intaneti ya faiba. Je, ruta (kifaa cha kusambaza intaneti ofisini) tuliyopewa inatosha kuwa kinga?

JIBU: Inatosha, mradi ukuta wake wa kinga (firewall, sehemu inayozuia miunganisho isiyotakiwa kutoka nje) umewashwa, nenosiri la msimamizi iliyokuja nalo limebadilishwa, na usimamizi wake kutoka nje umezimwa. Ninachokihofia zaidi ni mlango wa mtandao (port) namba 3389, unaotumiwa na Windows kuendesha kompyuta kutoka mbali, ambao baadhi ya mafundi huuacha wazi ili mhasibu afanye kazi akiwa nyumbani; ufungeni, naye atumie VPN, yaani njia iliyosimbwa ya kuingia mtandao wa ofisi kupitia intaneti. Wateja wanaoomba Wi-Fi (na wataomba) wapewe mtandao wa wageni, uliotengwa na kompyuta zenu.