Besdei za watoto, Thanksgiving kwa mama, na shukrani ya Muislamu

SWALI: Assalaamu alaykum, shekhe. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Ohio, Marekani. Mume wangu ni mtu wa Mombasa. Mimi nilizaliwa katika familia ya Kikristo ya Taita, nikasilimu kabla hatujaoana. Mama yangu mzazi naye yuko huku, bado ni Mkristo. Watoto wetu wote wamezaliwa majira ya majani kupukutika: wa kwanza Septemba, wa pili mwisho wa Oktoba, na kitinda mimba wiki ileile ya Thanksgiving, siku ya Wamarekani ya kushukuru na kula pamoja kama jamaa. Kila mwaka miezi hiyo mitatu nyumba inakuwa na mzozo. Mume wangu anasema besdei ni bidaa, yaani uzushi katika dini, na Thanksgiving ni sikukuu ya makafiri, tusiende. Mama yangu hupika siku nzima akitungojea. Besdei ya mkubwa huwa tunaifanya kidogo, ya pili inaangukia Halloween, na ya mwisho pesa na nguvu zimekwisha, haifanywi. Mwaka jana huyu mdogo aliniuliza kwa nini yeye hashukuriwi. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Umeuliza mambo manne kwa pamoja, na hukumu zake hazifanani. Naanza na la mama yako, maana ndilo zito kuliko yote, na naona katika mzozo wenu ndilo linalopewa uzito mdogo.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura Luqman tumshukuru Yeye na wazazi wetu, akaziweka shukrani hizo mbili katika aya moja. Aya inayofuata inamzungumzia mzazi anayemshikilia mwanawe amshirikishe Mungu: asitiiwe katika hilo, lakini kaa naye duniani kwa wema. Mama yako hata hajafika huko. Hajakutaka uache dini yako, amekutaka uje ule. Asmaa binti Abubakar (R.A.) alijiwa na mama yake akiwa bado mushrik, akamuuliza Mtume (S.A.W.) kama amuunge. Akamwambia: "Ndiyo, muunge mama yako." Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Sasa, mama anayesimama jikoni tangu alfajiri akiwangojea wajukuu, halafu kiti kikabaki kitupu mwaka baada ya mwaka kwa jina la Uislamu, atauonaje Uislamu?

Ama siku yenyewe ya Thanksgiving, wanavyuoni wa zama hizi wamekhitalifiana. Wako wanaosema ina asili ya kidini: tangazo la Rais Abraham Lincoln la mwaka 1863 liliwaita watu wamshukuru Mungu, na kushiriki siku hiyo ni kujifananisha na watu wa dini nyingine, jambo ambalo Mtume (S.A.W.) ametutahadharisha nalo. Wengine wanasema imekuwa ada ya nchi. Bunge la Marekani liliiweka kwa sheria mwaka 1941 kuwa Alhamisi ya nne ya Novemba, haina ibada maalumu ya kanisa lolote, na Myahudi, Mkristo na asiye na dini wote hukaa mezani siku hiyo kwa sababu kazi zimefungwa na jamaa wanakutana. Mimi naelemea kauli ya pili kwa mtu wa hali yako. Nenda kwa mama yako kwa nia ya kuunga udugu. Usiiite Idi, wala usiivalie nguo za Idi. Sisi Waislamu tunazo mbili. Anas (R.A.) amesimulia kuwa Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu na siku mbili wanazozichezea tangu ujahili, akawaambia Mwenyezi Mungu amewabadilishia bora kuliko hizo: siku ya Adh-ha na siku ya Fitri.

Na watoto wako waambie pia ukweli wa historia ya siku hiyo, kwa kadiri wanavyoweza kuelewa. Mlo wa mavuno wa mwaka 1621 kule Plymouth, walipokula pamoja walowezi wa Kiingereza na Wampanoag, wenyeji wa asili wa pale, shuleni husimuliwa kwa furaha tupu. Lakini tangu mwaka 1970 wako wenyeji wa asili wanaokusanyika Plymouth siku hiyohiyo kuomboleza ardhi yao na watu wao. Mtoto wa Kiislamu asilelewe kushukuru huku amefumba macho asione dhulma.

Mezani kuna mambo ya kuangalia. Chakula cha Watu wa Kitabu Mwenyezi Mungu ametuhalalishia katika Sura Al-Maida, ila kuku na bata mzinga wa viwandani hupigwa umeme na wengi hukatwa kwa mashine, na humo wanavyuoni wana maneno mengi. Usijitie katika shaka, na usimtie mama yako katika aibu ya kupika kitu kisiliwe. Mpelekee wewe bata mzinga aliyechinjwa na Muislamu. Agiza mapema, kwa sababu wiki ile bucha za halali hujaa watu. Mwambie kabla, kwa adabu na ukiwa umemkalia karibu, kwamba nguruwe asichanganywe na vyombo vyenu na mvinyo usiwekwe mezani mnapokaa, kwani tumekatazwa kukaa kwenye meza inayozungushwa pombe. Mama anayekupenda hatalikataa hilo. Akisali sala yake kabla ya kula, nyamazeni kwa heshima, msiitikie lisilo la imani yenu, kisha semeni bismillahi zenu na mle.

Sasa besdei. Mume wako hakubuni maneno yake. Sheikh Ibn Baz, aliyekuwa Mufti Mkuu wa Saudi Arabia (Mungu amrehemu), na wanavyuoni wengi wa njia yake wameikataza, wakaihesabu kuwa ni bidaa na kujifananisha na wasiokuwa sisi. Upande wa pili, Dar al-Ifta ya Misri, taasisi ya kutoa fatwa, imeijuzisha, ikaiona ni ada ya kufurahi kwa neema ya uhai, maadamu haina haramu ndani yake. Sisi watu wa pwani tumezoea khitilafu za namna hii. Wako wanaosafiri kila mwaka kwenda Lamu kwa Maulidi ya Riyadha, na wako wanaoyakataa kabisa, na wote huswali safu moja. Basi isiwe keki ndiyo ya kuwatenganisha mume na mke.

Ninaloliona, na ndilo ninalotolea fatwa, ni hili: kukumbuka kuwa mtoto ametimiza mwaka na kumshukuru Mungu kwa hilo si haramu, ukiwa huiitakidi kuwa ni ibada iliyoamrishwa wala sikukuu ya dini. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa kuhusu kufunga Jumatatu alisema ndiyo siku aliyozaliwa, kama alivyopokea Muslim. Aliitukuza neema hiyo kwa kufunga. Na soma Sura Al-Ahqaf, aya ya 15. Nimeisoma mara nyingi, na kila mara hunigusa. Mwenyezi Mungu anamtaja mama aliyebeba mimba kwa taabu na akazaa kwa taabu, anataja miezi 30 ya kubeba na kumwachisha ziwa, kisha anamtaja mtu aliyefika miaka 40 akasema: "Mola wangu, niwezeshe nishukuru neema yako uliyonineemesha mimi na wazazi wangu, na nitende mema unayoyaridhia, na unitengenezee kizazi changu." Umri, shukrani, wazazi na watoto, vyote viko katika dua moja. Mtoto akifundishwa kuwa mwaka mpya wa maisha yake ni wakati wa kusema maneno haya, atajifunza nini zaidi ya hapo kwa mishumaa? Mishumaa na kuomba ombi la siri ukiipuliza, hayo yaacheni. Dua tunamwelekezea Mungu.

Sheikhul Islam Ibn Taymiyya ameeleza kuwa kinachoifanya siku iwe sikukuu ni mkusanyiko uliozoeleka unaorudi kwa kurudi mwaka, mwezi au wiki. Kwa hiyo hakuna kinachowalazimisha kushikilia tarehe, na ukiiachia tarehe umepunguza shaka ya mume wako kwa kiasi kikubwa. Isitoshe, umri wa mtoto kwa hesabu yetu ya Hijria hautimii siku hiyo mnayoihesabu. Mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kama 11, na ndio huo tunaoutazamia kwa zaka na kwa funga.

Kwa huyu wa kati, jambo hili litakuokoa na Halloween. Hiyo sioni njia ya kuihalalisha. Ni mkesha wa sikukuu ya Kikristo ya Watakatifu Wote, umechanganyika na itikadi za kale za mizimu kutembea, na leo ni kuvaa sura za mashetani na kubisha milango. Usifanye shughuli ya mtoto wiki hiyo, wala asivae mavazi hayo.

Lililonitia uzito moyoni ni kitinda mimba. Nu'man bin Bashir (R.A.) amesimulia kuwa baba yake alimpa zawadi, akaenda kumshuhudisha Mtume (S.A.W.). Mtume akamuuliza: "Je, watoto wako wote umewapa mfano wa hii?" Akasema la. Akamwambia: "Mcheni Mwenyezi Mungu, na fanyeni uadilifu baina ya watoto wenu." Baba akairudisha zawadi ile. Dada yangu, hapa hukumu haitegemei pesa zimekwisha mwezi gani. Mkubwa akifanyiwa na mdogo asifanyiwe, huo ni upendeleo hata kama hamkuukusudia, na mtoto ameuona akakwambia. Ama mfanyieni kila mmoja sawasawa, ama msimfanyie yeyote.

Mimi naona bora mfanye karamu moja ya shukrani kwa wote watatu, mwisho wa wiki wowote ambao baba yao hana kazi, mwaka huu Oktoba na mwaka ujao Septemba kama inavyowafaa. Pikeni pilau, waalikeni majirani na watu wa msikiti, mwalikeni na bibi yao, aone kuwa na ninyi mnajua kumkirimu. Kabla ya kula, watoto wasome aya hiyo ya Al-Ahqaf, na kila mmoja atoe sadaka kwa mkono wake. Zawadi ziwe sawa kwa thamani. Msizidishe matumizi, kwani Mwenyezi Mungu amewaita wabadhirifu ndugu wa mashetani.

Na huyo mdogo mjibu swali lake. Mwambie alishukuriwa tangu siku ya saba. Kama mlimchinjia akika, mnyama wa shukrani kwa mtoto aliyezaliwa, mwelezee mnyama alichinjwa wapi, nani walikula, nani alimpa jina na kwa nini mlilichagua jina hilo. Kama hamkumchinjia, wako wanavyuoni walioruhusu akika kuchelewa, basi mfanyieni sasa: mbuzi wawili kwa mvulana, mmoja kwa msichana. Mkitaka achinjiwe Mombasa kwa ndugu za baba yake na nyama wapewe maskini, inafaa, na mwonyesheni mtoto picha.

Kuhusu mume wako, usifanye lolote kati ya haya nyuma ya mgongo wake. Mpe jibu hili alisome. Akibaki na msimamo wake katika besdei, muachie. Ana wanavyuoni nyuma yake, na watoto hawatapungukiwa kitu maadamu shukrani na uadilifu vipo nyumbani. Lakini kwa mama yako naomba akubali, japo yeye mwenyewe asikae mezani muda mrefu. Akiona Alhamisi ile ni nzito kwake, nendeni Ijumaa baada ya swala, siku ambayo wengi huko bado wako mapumzikoni. Chakula cha mama hakiharibiki kwa siku moja.

Wallahu aalam.