Nyanya za Kahe, zamu ya maji na chembe za jeli

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nalima nyanya nusu ekari huku Kahe, Moshi. Kiangazi hiki zamu ya maji ya mfereji inanifikia kila baada ya siku nane hadi kumi. Ikifika siku ya tano majani yamelegea, udongo umepasuka, na matunda yanaoza kitako. Duka la pembejeo wamenionyesha chembe za jeli zinazofyonza maji na kuyatunza ardhini. Ninunue hizo, au nitumie samadi na mkaa wa maganda ya mpunga kama jirani yangu?

JIBU: Pole na kiangazi, ndugu mkulima. Fedha ya jeli usiitoe kwanza. Kahe ina maeneo yenye udongo wa magadi, yaani wenye sodiamu nyingi, na shamba likiwa la magadi, karibu kila ushauri wa kawaida hubadilika.

Chukua kibonge cha udongo mkavu, ukubwa wa harage, ukidondoshe taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua. Usitikise. Kiangalie baada ya saa kadhaa. Kikimeguka na maji yakabaki maangavu, afadhali. Ukiona ukungu mweupe umekizunguka kibonge na hautulii, shuku magadi. Hapo sodiamu imetawanya chembe za mfinyanzi, zikaziba vitundu vya udongo. Maji yanasimama juu, jua linayachukua, na mche unakufa kwa kiu wakati mfereji ulipita jana tu.

Dawa ya udongo huo ni jasi, madini yenye kalisiamu, na bahati nzuri inachimbwa Makanya, wilayani Same, si mbali na kwenu. Kalisiamu ya jasi inaiondoa sodiamu kwenye mfinyanzi, lakini sodiamu hiyo lazima isukumwe chini ya mizizi kwa maji mengi. Ndiyo maana jasi ya kiangazi ni hasara. Iweke kabla ya masika, mvua za Machi hadi Mei zifanye kazi ya kuosha, na uwe na mtaro wa kutolea maji. Kiasi usikisie. Mwombe afisa ugani akusaidie kupeleka sampuli maabara. Kituo cha Mlingano, Tanga, cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) kinashughulika na udongo. Na kwenye magadi usimwage majivu wala mkaa wa maganda, maana vyote viwili huongeza ualkali.

Kama kibonge kimekupa jibu zuri, weka nguvu zako kwenye samadi. Udongo wa mfinyanzi, kama huo wako unaopasuka, una maji mengi, ila sehemu kubwa umeyashika kwa nguvu kuliko mzizi unavyoweza kuyavuta, na nyufa zinaruhusu mengine yakauke kutoka chini. Samadi iliyoiva inaugandisha udongo kuwa chengachenga, maji ya zamu yanazama badala ya kutiririka, na mizizi inashuka. Nasisitiza iliyoiva: haina joto, hainuki mkojo, inanuka udongo. Samadi mbichi huunguza miche, na ya kuku ina chumvi nyingi, jambo baya pale ambapo maji ni machache.

Kuimwaga shamba zima kunahitaji samadi ya trela nyingi. Iweke shimoni. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, nusu ekari ina mashimo kama 4,500. Nusu kilo kwa kila shimo ni zaidi kidogo ya tani 2. Changanya vizuri na udongo, isikae rundo moja chini ya mche.

Mkaa wa maganda alioutumia jirani yako ni mzuri zaidi kwenye udongo wa kichanga. Kwenye mfinyanzi faida yake ni ndogo. Ukiutaka, uchanganye kwanza na mboji yenye unyevu wiki kadhaa, la sivyo utafyonza naitrojeni na miche itakuwa ya njano.

Sasa jeli. Kwenye maji safi hufyonza mamia ya mara ya uzito wake, na hayo ndiyo wanayokuonyesha dukani. Maji yenye chumvi na kalisiamu huipunguzia uwezo huo sana, na mbolea pia. Omba chembe kidogo, gawa vikombe viwili, kimoja maji ya mvua na kingine maji ya mfereji wako. Kesho yake linganisha. Kwenye kitalu au mchanga ina msaada, lakini kwa nyanya ya shambani nusu ekari sioni ikirudisha gharama.

Nyanya zilizo shambani leo hazisubiri msimu ujao. Siku ya zamu, maji yakishazama, tandaza maganda makavu ya mpunga sentimita 5 hivi, yasiguse shina. Mabua ya mahindi najua yanaliwa na ng'ombe, ndiyo maana nakuelekeza kwenye maganda. Mashine za mpunga za Chekereni huyatoa kwa wingi. Usiyachimbie ardhini kabla hayajaoza. Upepo ukiyapeperusha, yanyunyizie maji kidogo au funika kwa majani makavu ya migomba.

Kuoza kitako pia kutapungua. Kalisiamu husafiri na maji hadi kwenye tunda; maji yakija kwa kuruka, tunda linakosa hata kama udongo unayo. Ndiyo maana dawa ya kalisiamu ya kupulizia peke yake hukatisha tamaa. Matunda yaliyokwisha kuoza yachume uyatupe, na punguza urea hadi zamu zikaribiane.