Sio mwinuko wa Arusha, ni risasi zenyewe

Mkuu, aliyekwambia bunduki yako ya kuwindia ya .375 H&H imeanza kupiga juu kwa sababu Arusha iko mwinukoni amekuzingua. Kwenye mita 1,400 hivi hewa ni nyepesi kweli, lakini kwa umbali wa mita 100 tofauti hiyo huioni kwenye karatasi.

Angalia boksi. Darubini uliirekebisha kwa vichwa vya risasi vya greini 300 (greini ni kipimo cha uzito wa kichwa), sasa umenunua vya 270. Hivi vina kama gramu 17.5 badala ya 19.4, vinatoka mtutuni kwa kasi zaidi, na mtutu wenyewe unatikisika tofauti. Lazima mahali risasi inapotua pahame, mara nyingine hata pembeni.

Usiguse darubini kwa risasi moja. Kaza skrubu zake, egemeza ubao wa mbele (sio mtutu!) kwenye mfuko wa mchanga, piga tatu taratibu, acha mtutu upoe chemba ikiwa wazi, kisha tatu nyingine. Pima kuanzia katikati ya kundi la matundu, sio lile tundu zuri ulilolipiga picha. Risasi ni ghali, najua. Ila ile ya kwanza, ya mtutu baridi, iwekee alama: porini ndiyo utakayompigia nyati.